Zamu ya Kifuani

Simu ya Wambura ilinikuta Korogwe, basi limesimama ili abiria wanywe chai. Nilikuwa natoka kwetu Pangani, narudi Musoma. Kwenye begi nilikuwa na kifurushi alichonifungia mama yangu: wanja, kipande cha mvuje cha kufunga kwenye nguo ya mtoto asipatwe na jicho baya, na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Mke wangu Nyangeta alikuwa na mimba ya miezi saba. Wambura ni kaka yake.

"Shemeji, uko wapi?"

"Korogwe."

"Korogwe ndiyo wapi? Karibu na Singida?"

"Mbali na Singida. Kuna nini?"

Nyuma yake nilisikia gari likiunguruma na mwanamke akisema maneno ya Kizanaki harakaharaka. "Dada ameanguka. Amerusha mikono na miguu kama mwenye kifafa. Tumemtoa Butiama, tunampeleka Musoma. Wewe njoo tu."

Mimi ni mtu wa safari. Tangu nimalize kidato cha nne sijakaa mahali nikasema hapa ndipo. Nimetengeneza makochi Morogoro, Tabora na Mwanza, na kila mji ulipoanza kunizoea niliukimbia, kisha nikaukumbuka mpaka machozi. Lakini safari zote hizo nilikuwa naiacha shida nyuma. Hii ndiyo ya kwanza kuifuata. Basi lilipita Singida bila mimi kujua kama mke wangu yu hai. Chaji ilikwisha Nzega. Nilimwomba kijana wa siti ya mbele betri yake ndogo ya kuchajia, na simu ilipowaka ujumbe ulikuwa umeshaingia: "Wamempasua. Mtoto katoka. Mdogo sana." Basi. Hakusema lolote kuhusu mama. Nikapiga, haipatikani. Nikausoma ule ujumbe mpaka Mwanza, nikitafuta kwenye maneno hayo machache kitu ambacho hakikuandikwa.

Wambura alinisubiri stendi ya Bunda, anakoishi na kuuza vipuri vya pikipiki. Mvua za vuli zilikuwa zinaishaishia na tope lilikuwa limempanda mpaka magotini. Hakunisalimia.

"Wapo wote," alisema. "Dada hajaamka, lakini yupo. Mtoto ni wa kike. Panda pikipiki, twende."

Naandika haya kwa mtu ambaye mke wake anaumwa kichwa leo, anaona vimulimuli machoni, uso na mikono vimevimba, na nyumbani wanamwambia ni mimba tu. Nyangeta alinilalamikia hivyo kwenye simu nikiwa Pangani. Nilimwuliza mama yangu. Akacheka, akasema miguu ikivimba hivyo ni mtoto wa kiume, apumzike. Nyangeta akamwuliza mama yake kule Butiama, alikokwenda kujifungulia kwa kuwa ndiyo mimba ya kwanza kufika mbali baada ya mbili kutoka. Naye akasema ni mtoto wa kiume, apumzike. Pwani na Butiama hawakubaliani juu ya kitovu cha mtoto, wala maziwa ya kwanza, wala nani amwogeshe na lini. Kwa hili moja walikubaliana, na hili ndilo lililokaribia kumuua. Mwenzangu, usisubiri. Mpeleke akapimwe presha.

Hospitalini nilimpita mke wangu. Muuguzi alinionyesha kitanda, nikatazama, nikaona mwanamke mnene wa uso, macho yamezama kwenye nyama, midomo imepasuka, nikaendelea kutafuta kitanda kinachofuata. Wambura akanishika mkono, akanirudisha. Nilimtambua kwa vidole vya miguu. Nikamwita, hakujibu. Daktari alisema dawa walizompa za kuzuia degedege zinamfanya alale, na presha bado haijakubali kushuka. Tusubiri.

Kusubiri kwetu kulikuwa na benchi lake. Lilikuwa kwenye korido, upande mmoja wodi ya Nyangeta, upande wa pili mlango wa chumba cha watoto njiti. Nililijua benchi lile kuliko kochi lolote nililotengeneza, msumari ulipotokeza na mbao ilipobonyea. Nilikuwa sijakaa vizuri alipotoka muuguzi mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha watu bila kuwaudhi. Wenyewe walimwita Sista Pendo.

"Baba wa mtoto wa Nyangeta ndiyo wewe?"

"Ndiyo."

"Vua shati, kanawe mikono mpaka kwenye viwiko, uje umbebe mwanao. Bibi yake amembeba tangu jana, amechoka."

"Kumbeba vipi?"

"Kifuani. Ngozi kwa ngozi. Huyu anapumua mwenyewe, ila joto hana. Tukimweka kitandani anapoa. Dawa yake ni kifua cha mtu, mchana na usiku, mpaka mama yake aamke."

"Mimi siwezi kuingia humo, Sista."

"Unaogopa damu?"

"Humo yumo mama mkwe wangu."

"Na?"

"Na amevua blauzi."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza.

Inabidi nieleze. Kwa akina Nyangeta, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Si chuki, ni heshima, tena kubwa kuliko zote. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mwenzake apite. Hamli pamoja, hampeani kitu mkononi, na mkiwa na neno mnampa mtu wa tatu alifikishe, hata kama mnasikiana. Siku ya posa mama mkwe alikaa jikoni, mimi sebuleni, na Wambura akasimama mlangoni akirudia kila sentensi ambayo wote tulishaisikia. Kwetu Pangani mama mkwe unambusu mkono na yeye anakutania mbele ya watu kwamba umemdhoofisha binti yake. Mwanzoni niliona ni mchezo. Baadaye nilizoea. Kwa miaka yote ya ndoa nilimjua mama yule kwa mgongo, kwa kanga zake, na kwa kikohozi. Akiwa anakaribia mahali nilipo alikohoa makusudi, mara mbili, nami nikajua ni wakati wa kupisha. Uso wake sikuwa nimewahi kuuona.

Nilimweleza Sista Pendo haya kwa kifupi. Akakuna kichwa.

"Mimi kwetu Mbeya, hayo siyajui. Ninachojua mtoto akipoa tutampoteza. Hakuna ndugu mwingine?"

Mke wa Wambura alikuwa Bunda na kichanga chake mwenyewe. Shangazi yake Nyangeta, dada wa marehemu baba yake, alikuja asubuhi ile akamchungulia mtoto, akasema kitu kidogo hivi bado hakijawa mtoto, watu wasikizoee, akarudi kwa jamaa zake pale mjini kupika uji. Tulibaki wawili: mimi na mtu nisiyeruhusiwa kumwona.

Sista ndiye aliyetunga utaratibu. Chumba kilikuwa na mlango wa pili wa kutokea barazani. Akifika saa ya kubadilishana alipaza sauti: "Zamu!" Mama mkwe alimkabidhi Sista mtoto, akajifunika, akatokea barazani. Akishatoka, mimi niliingia kwa mlango wa korido. Kwenye kona walinitundikia kitenge ili akina mama wengine waliobeba watoto wao wasikae wazi mbele yangu.

Mara ya kwanza Sista aliponiwekea mwanangu kifuani sikuhisi uzito. Nilihisi unyevu kidogo, na kitu kinachokwaruza kama mguu wa kifaranga. Ngozi yake ilikuwa nyembamba, nyekundu, mishipa inaonekana. Puani mpira mwembamba wa maziwa. Mikono yangu imezoea kuvuta mikanda ya makochi na kupiga misumari, sikujua niiweke wapi. Sista alimfunga kwangu kwa kitenge, akanionyesha jinsi ya kutazama pua isizibwe na jinsi ya kusugua nyayo na mgongo. "Hawa wadogo wanasahaugaga kupumua. Akisahau, mkumbushe. Usiogope kumsugua."

Nani asingeogopa? Nilihesabu pumzi zake mpaka nikasahau za kwangu.

Kutoka upande wa pili wa kitenge nilisikia akina mama wakinong'ona, kisha mmoja akashindwa kujizuia.

"Fundi, umejifungua salama?"

"Salama, nashukuru."

"Maziwa yanatoka?"

"Bado, nasubiri supu ya sato."

Wakacheka mpaka mmoja akalalamika mshono unamuuma. Kicheko kile kilinisaidia kuliko dawa. Lakini zamu zilikuwa ndefu. Mgongo ulikakamaa, kifua kikatoka vipele vya joto, na nilijifunza kulala nimekaa, kidevu juu, kama mlinzi wa duka. Mama mkwe akiwa barazani alinisimamia kupitia dirishani, kwa mtu wa tatu kama ilivyo desturi.

"Sista, mwambie huyo mtu asimbane shingo."

"Sista, mwambie mama nimesikia."

"Sista, mwambie aache kupumulia mdomoni, mtoto anapigwa na upepo."

"Jamani," Sista alisema, "mnanifanya mimi redio."

Kifurushi cha mama yangu Sista alikikuta chini ya kiti changu. Siku hiyohiyo alikuta kwenye kanga ya mama mkwe kibuyu kidogo cha maziwa ya ng'ombe, kwa sababu kwao mtoto dhaifu huonjeshwa maziwa ili apate nguvu. Aliviweka vyote kabatini. "Hakuna cha nazi wala cha ng'ombe hapa. Anakunywa ya mama yake tunayomkamua. Haya mtachukua siku ya kuondoka." Mama yangu alipiga simu kutoka Pangani kuuliza kama nimemfunga mvuje na kama wanamkanda mzazi kwa maji ya moto. Nikamwambia mzazi bado hajaamka. Akalia. Akaniuliza kama nimemwadhinia mtoto. Hilo nililifanya, kwa sauti ndogo sana, midomo ikiwa karibu na sikio lililokuwa laini kama jani la mchicha.

Jina hakuwa nalo. Kwa akina Nyangeta mtoto akilia bila kukoma wanasema analilia jina. Wazee wanataja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na lile linalomnyamazisha ndilo lake. Wetu hakuwa na nguvu ya kulia. Alikunja uso tu, mdomo ukafunguka, sauti isitoke. Nilimsikia mama mkwe barazani akimwambia Sista, na safari hii hakusema "mwambie." Alisema tu: "Asiyelia utamwita nani?"

Presha ya Nyangeta ilishuka kidogo, ikapanda tena. Wakabadilisha sindano. Nikimaliza zamu ya kifuani nilikwenda kukaa kwake, nikimaliza kukaa kwake nilirudi kwenye benchi. Siku nilizipima kwa sindano zake na kwa ule mwito wa "Zamu!". Wambura alileta ugali na samaki, akaniambia ukweli: "Shemeji, nyumbani wanasema utaondoka. Wanasema mtu wa kutangatanga akiona shida anakamata basi." Stendi ilikuwa karibu, na wakati mwingine nilisikia honi za mabasi yanayotoka. Nilizisikia sana.

Mchana mmoja mvua ya mwisho ya vuli ilipiga bati mpaka hatusikiani. Ilikuwa zamu ya mama mkwe, mimi nimekaa kwenye benchi. Sista Pendo alikuwa amekimbia na machela kuelekea chumba cha upasuaji. Mara nikasikia akina mama ndani wakiita, "Sista! Sista!" Wakaita tena. Halafu yule aliyeniuliza maziwa akapiga kelele: "Fundi! Njoo, mtoto wako!"

Nikasimama. Nikafika mlangoni, mkono kwenye kitasa, nikaganda. Naona aibu kusema kilichopita kichwani, lakini nitasema kwa kuwa kinaweza kumpitia na mwingine. Niliwaza: nikiingia nimemvunjia mama yule heshima yake yote. Mtoto wangu anakufa, nami nawaza blauzi.

Mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Mama mkwe alitoka akiwa kifua wazi, kanga imeangukia kiunoni, mtoto mikononi amelegea, midomo ya bluu.

"Chukua!" alinipigia kelele. "Chukua, baba! Mikono yangu inatetemeka, siwezi!"

Nikamchukua kutoka mikononi mwake. Nikapiga magoti palepale kwenye sakafu, nikamlaza kwenye kiganja, nikasugua nyayo. Kimya. Nikasugua mgongo. Kimya. "Msugue! Msugue, baba, usiache!" Alikuwa amepiga magoti mbele yangu, paji lake la uso linagusa langu. Nikamsugua kwa nguvu mpaka nikadhani nitamchubua. Akajikunja. Akavuta pumzi kama anayetoka majini. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akalia. Kilikuwa kilio chembamba, kama paka aliyefungiwa kabatini, lakini kilisikika juu ya mvua.

Akalia na kulia. Nikamweka kifuani, hakunyamaza. Mama mkwe akaweka kiganja juu ya kile kichwa na kuanza kutaja majina kwa sauti iliyokatika. La kwanza alilia. La pili alilia. "Wakuru," akasema, jina la mama yake mzazi. "Wakuru, Wakuru, tulia." Mtoto akatulia.

Hapo ndipo tulipoonana. Alikuwa na macho ya Nyangeta. Sijui kwa nini sikutegemea hivyo. Akajitazama, akaokota kanga, akageukia ukuta.

Na mwisho wa korido, chupa ya uji mkononi, alikuwa amesimama Shangazi.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alisubiri Sista arudi, mtoto apimwe, mama mkwe arudi ndani kuendelea kumbeba. Ndipo akasimama mlangoni na kusema kwa Kiswahili, makusudi, ili nami nielewe: "Wifi yangu, vaa tuondoke. Mmeonana uchi, wewe na mkweo, mbele ya watu. Mkono kwa mkono mmepeana mtoto. Ukiendelea kumkumbatia kabla hujasafishwa, huyo mtoto hatafika Jumapili. Twende Butiama, wazee wachinje kondoo, ndiyo urudi."

"Butiama kwenda na kurudi, na wazee wakutane, hiyo ni siku ngapi?" Sista aliuliza.

"Zinazotakiwa."

"Huyu baba hawezi peke yake. Anasinzia amesimama."

"Mimi simwongeleshi nesi. Namwongelesha wifi yangu."

Nilikuwa nimesimama korido, mgongo ukutani, nje ya mlango. Sikumwona mama mkwe lakini nilisikia kitanda kikilia. Nilijua anainuka. Alikuwa ameushika ule mwiko tangu akiwa msichana, na hofu yake haikuwa ya kuchekwa. Aliamini mtoto atakufa akibaki. Mimi niliamini atakufa akiondoka. Nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilimsemesha bila mtu wa tatu.

"Mama," nilisema kupitia mlango. "Mimi siondoki hapa. Wamekuambia nitaondoka, siondoki. Lakini peke yangu nitamwangusha. Nakuomba."

Mvua ilikuwa imepungua, maji yanadondoka barazani. Shangazi akafyonza.

"Umemsikia? Anakusemesha! Sasa imebaki nini?"

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe, imechoka, haikuwa kubwa.

"Waambie wazee nitakuja. Kondoo watachinja, nitasimama watakapotaka nisimame. Waambie kosa ni langu, mimi ndiye niliyetoka." Akavuta pumzi. "Lakini zamu yangu haijaisha."

Shangazi aliweka chupa ya uji chini, kwa nguvu, akaondoka. Jioni tuliunywa uji ule. Ulikuwa wa ulezi, mzuri sana. Sitaki mtu amdhanie Shangazi mbaya. Jumapili ilipofika alikuja alfajiri, akasimama dirishani bila kusema, akamtazama Wakuru akipumua, akarudi. Kesho yake akaleta uji mwingine.

Tuliendelea na utaratibu wa Sista kama zamani, mlango huu na mlango ule, kikohozi mara mbili kabla ya kupita barazani. Hatukuzungumza tena. Lakini kuna kitu kilibadilika. Niliacha kuogopa nikiwa nje, kwa kuwa nilijua nani yuko ndani.

Nyangeta aliamka taratibu, kama taa yenye umeme mdogo. Kwanza alifumbua macho asituone. Kisha akaona vivuli. Aliposhika tumbo na kulikuta limelala, alipiga yowe. Alidhani na mimba ya tatu imetoka. Nilimwambia mtoto yupo, hakuniamini. Sista akamleta Wakuru, akamweka kwenye kifua cha mwenyewe. Nyangeta alimnusa kichwani kwa muda mrefu, kisha akauliza nani alikuwa anambeba.

"Mimi na mama yako."

"Mnapokezana vipi?"

Nikamweleza yote. Akafunika uso kwa mikono ambayo bado imevimba. Nilidhani analia. Mabega yakatikisika, akashika mshono. "Mmeonana? Wewe na mama? Uuwi! Usinichekeshe, nitapasuka." Halafu akalia kweli.

Wakuru alianza kunyonya mwenyewe wiki ile upepo wa ziwa uliporudisha vumbi mitaani. Alipofikisha uzito wanaoutaka, Sista alifungua kabati. Mvuje ulikuwa salama. Maziwa ya kibuyu yalikuwa yameganda na kunuka mpaka kabati lote likanuka. "Chukueni vitu vyenu," alisema, akiziba pua, "na zamu zenu." Nyangeta alitoka na vidonge vya presha ambavyo anavimeza mpaka leo, na onyo kwamba mimba nyingine isishikwe bila kuonana na daktari kwanza. Mwili wake ulirudi polepole. Macho hayakurudi yote, kusoma maandishi madogo hawezi.

Masika yalipoanza tulikwenda Butiama kwa ajili ya kondoo. Wazee walisema maneno yao, tukanyunyiziwa, mimi upande huu wa nyumba na yeye upande ule, wasituache tuonane hata vivuli. Mmoja aliuliza kama mama mkwe anakiri. "Nakiri," alisema kutoka ng'ambo. Akaulizwa kama angefanya tena. Hakujibu, na mzee, kwa heshima yake, hakurudia swali. Baada ya hapo ule mpaka kati yetu ukarudi, tena mkali kuliko mwanzo. Nilipokwenda kuwasalimia nilisikia kikohozi kutoka mbali sana, nikaingia kwenye mihogo, akapita.

Mama yangu alikuwa anazeeka na hajamwona mjukuu. Nami harufu ya mafuta yake ya nazi, nilipofungua ile chupa nyumbani kwetu Iringo, pale Musoma, ilikuwa imeniamshia ugonjwa wangu wa zamani wa kukumbuka kwetu. Safari hii sikutaka kuondoka peke yangu kimyakimya. Nilimwuliza Nyangeta. Akasema Musoma kila akipita hospitali kichwa kinamuuma, twende. Niliuza mbao na sponji, nikafunga banda langu la makochi, nikijua sitarudi kulifungua.

Basi letu lilikuwa la kupandia Bunda. Wambura alinisindikiza stendi. Kabla ya hapo Nyangeta alikuwa amelala Butiama kuaga, kwa hiyo aliletwa kwa gari lililopita njia ya Nyamuswa, pamoja na mama yake na Shangazi. Mimi nilisimama upande wa pili wa basi, kama inavyotakiwa, nikipanga mizigo. Nilisikia wakiagana kwa Kizanaki, Nyangeta akilia, Shangazi akimkaripia asilie barabarani. Kondakta akapiga ubavu wa basi. Nyangeta akapanda. Mtoto bado alikuwa mgongoni kwa bibi yake.

"Mlete Wakuru nimpeleke kwa baba yake," nilimsikia Wambura akisema.

Nikasubiri kikohozi ili nijue niende wapi. Hakikuja. Zikaja nyayo, zikizunguka nyuma ya basi, na kabla sijapata pa kujificha alikuwa amesimama mbele yangu, kichwa ameinamisha, kanga imefunika paji la uso. Nami nikainamisha changu. Niliona miguu yake tu, na mikono ikifungua fundo la mbeleko. Wakuru alikuwa amelala, mzito sasa, mashavu yamejaa, wanja wa Pangani kwenye nyusi.

Akamnyoosha kwangu, mkono kwa mkono.

"Haya, baba," alisema. "Zamu yako."